Tope la Mzee Bwanausi

Jambo la kwanza Bi Tatu alilonifundisha ni kuharibu tairi zima.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi siku ile. Tulikuwa upande wa Mlingotini, mahali njia ya udongo inapokufa na mchanga wa pwani unapoanza. Gari lilikuwa Landkruza nyeupe ya mradi, ile ndefu yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Kwa ajili ya bomba hilo kila mtu huiita mkonga. Bi Tatu aliokota kijiti, akanipa.

"Toa upepo."

"Kwenye tairi lipi, Bi Tatu?"

"Yote manne."

Nikakitazama kijiti, nikamtazama na yeye. Mimi nimekulia kijiwe cha pancha cha mjomba wangu kule Zinga, kando ya barabara ya Dar. Pale kijiweni mtu akija na tairi limelegea, tunamcheka kwanza ndipo tunamhudumia. Tairi gumu ndiyo heshima ya gari. Sasa mwanamke mzima, dereva wa miaka mingi, ananiambia nivue heshima ya gari ufukweni, tena mchana kweupe.

"Samahani, Bi Tatu. Haya matairi yamekukosea nini?"

"Toa upepo, Najim. Maneno utayatoa baadaye."

Nikatoa. Matairi yakatanuka kwa chini kama mtu aliyekaa mkekani baada ya kumaliza sinia la biriani. Nilisikia aibu, nikageuza uso nisije nikaonwa na mtu anayemjua mjomba.

"Vua viatu," Bi Tatu akasema. "Ingia mchangani, simama kwa visigino."

Nikasimama kwa visigino. Nikazama.

"Haya, shusha unyayo wote."

Nikashusha. Nikabaki juu.

Nilikaa pale nimesimama kama kinyago, natazama miguu yangu mwenyewe. Nimeishi pwani tangu kuzaliwa, nimekimbia mchanga huu nikiwa sina hata nguo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mchanga unanibeba. "Kwa hiyo gari nalo linatakiwa litembee kwa unyayo," nikasema.

"Sasa liendeshe, kabla hujaanza kunifundisha mimi."

Likapita. Mchanga uliokuwa ukimeza hata baiskeli, mkonga uliupita taratibu, unatikisa makalio kama unakwenda arusini. Mimi ndani nacheka peke yangu.

Bi Tatu Mwinshehe ndiye aliyekuwa dereva wa mradi wa visima wenye kambi yake Makurunge. Kazi yake ni kupeleka mabomba na mafundi vijijini, ng'ambo ya bonde la Ruvu, kwenye njia ambazo masika yakikolea hata pikipiki hugeuza zikarudi kwao. Magoti yake yalikuwa yamechoshwa na klachi, akaomba ahamie stoo. Bosi wa mradi akamwambia atafute mwenyewe mtu wa kushika usukani, na awe amempata kufikia Ijumaa. Ikishindikana, kuna kijana wa Dar yuko tayari, begi mkononi.

Bi Tatu akanichagua mimi nijaribiwe. Nina leseni. Nina na cheti cha kidato cha nne, chenye alama ambazo tusizizungumze mbele za watu.

Tatizo lilikuwa mama. Mama yangu, Ashura, aliposikia "Najim anajifunza", yeye akawatangazia wanawake wa Zinga "Najim kaajiriwa". Kwenye arusi ya jirani wakamwita Mama Dereva, na akaitika. Akashona na dera jipya kwa jina hilo. Kwa hiyo nikiikosa kazi, mimi nitarudi zangu kwenye pancha, nitatania watu, maisha yataendelea. Lakini yeye atapitaje sokoni? Ataitwaje? Hilo ndilo lililonifanya nishike usukani kwa mikono miwili.

Nilimuuliza Bi Tatu kila kitu. Pembeni ya gia kubwa kulikuwa na kigia kifupi, cha kuyapa nguvu magurudumu yote manne.

"Kwa nini nikikiweka huku gari linakwenda polepole lakini linapata nguvu?"

"Wewe ukikwea mnazi unakimbia?"

"Hapana."

"Basi."

Nikauliza kwa nini mkonga unapumulia juu, akasema ili usinywe maji. Nikauliza kwa nini kwenye kioo amening'iniza tasbihi, akasema kwa sababu gari ni lake na mtu akikaa humo ajue kaingia kwa nani. Nikauliza kwa nini boneti ni nyeupe wakati tope ni jeusi, akaniambia nifunge dirisha, naingiza vumbi.

Kitu kimoja tu sikukiuliza. Kila asubuhi nikifika kambini nilikuta ndara za Bi Tatu zimeanikwa juu ya bampa, zimejaa tope bichi, na suruali anayovaa chini ya dera imelowa mpaka magotini. Siku moja kwenye lile tope kulikuwa kumenata jani la mpunga. Nilitamani sana kujua. Lakini kumuuliza mtu mzima miguu yako imetoka wapi alfajiri yote hii, kwa malezi ya mama yangu, ni kutafuta kofi. Nikalibeba swali langu kichwani.

Baada ya mchanga tukaenda kwenye tope. Halikuwa mbali na kambi. Njia inashuka bondeni, inapita katikati ya mashamba ya mpunga, na pale chini udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi unapasuka kama mkate mkavu na masika unakuwa uji. Maji yalikuwa yametanda njia nzima, meusi, yametulia, hayaonyeshi kitu.

"Sikiliza," Bi Tatu akasema. "Humu hakuna breki. Hakuna klachi. Gia ya pili, kigia kidogo chini, mguu wa mafuta usitetemeke. Ukisimama, umelala hapa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nini nimesema?"

"Nisisimame."

Nikaingia. Maji yakapasuka pande zote mbili, usukani ukaanza kucheza mikononi kama kambale, na mimi nikawa natembea. Natembea! Nikaona nusu ya tope iko nyuma yangu.

Hapo ndipo Mzee Bwanausi aliponyanyua mkono.

Mzee Bwanausi ana shamba lake pale pale kando ya tope. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na ndege wa bondeni wanaupenda kuliko mwenyewe. Kwa hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi yeye yuko juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, anaamia ndege kwa kombeo na kamba ndefu iliyofungwa makopo. Aliponiona akasimama dunguni, akanyanyua mkono juu kabisa.

Naapa sikuamua mimi. Mguu wenyewe ulitoka kwenye mafuta ukaenda kwenye breki. Gari likasimama.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hawajambo utokako?"

"Hawajambo, babu."

"Wa nani wewe?"

"Wa Ashura, wa Zinga."

"Ashura wa marehemu Hija?"

"Huyo huyo."

"Alaa! Hajambo mama?"

"Hajambo, anakusalimu."

Mama hakuwa na habari kama nitaonana na mtu huyo, lakini salamu zake huwa natembea nazo. Kila nilipojibu nilisikia gari linashuka kidogo, taratibu, kama mtu anayejiweka sawa kitandani. Tulipomaliza afya ya mama tukaingia kwa mjomba, tukamaliza mjomba tukaingia kwenye mvua. Tulipofika kwenye bei ya mchele, maji yalikuwa yanabisha hodi mlangoni.

"Mmemaliza?" Bi Tatu akauliza.

"Tumemaliza."

"Umesimama kwa nini?"

"Mzee alinyanyua mkono."

"Na mguu wako?"

"Mguu ulimtii mzee."

Bi Tatu alifumba macho, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anasoma dua. Kisha akanionyesha chepe lilipo.

Nilichimba mpaka nikawa na rangi moja na bonde. Mzee Bwanausi naye hakuniacha peke yangu, alinisimamia kutoka dunguni. "Chimba hapo! Siyo hapo, hapo! Kijana, chepe halishikwi hivyo!" Tukatia mbao chini ya matairi, na jua lilipokuwa kali kabisa ndipo mkonga ukatoka kinyumenyume, umeaibika kama mimi.

Kesho yake nikajiambia, leo sina macho ila ya mbele. Nikaingia topeni shingo nimeikaza kama askari kwenye gwaride. Kwa pembe ya jicho nikamwona mzee anasimama, mkono unapanda. Nikazidi kukaza shingo. Nikasikia, "Weee! Mtoto wa Ashura!" Nikakaza na masikio. Gari likayumba, likanguruma, likapanda upande wa pili, nchi kavu.

"Nimevuka!" nikapiga usukani. "Bi Tatu, nimevuka!"

Bi Tatu alikuwa ametulia tu, mkono kwenye tasbihi yake.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

"Shimo gani?"

"Kuna shimo. Tairi la nyuma limelikosa kwa kidole. Liko wapi?"

"Sikuliona. Maji yamelifunika."

"Basi hujavuka wewe. Umevuka kwa bahati."

"Sasa wewe umelionaje, Bi Tatu, na maji yamelifunika?"

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze akatabasamu. "Hilo sasa ndilo swali," akasema. Nikangoja jibu. Njia nzima ya kurudi alizungumzia bei ya nyanya.

Nyumbani Zinga nilikuta habari zimenitangulia. Simu hazina tope. Mama aliweka sahani ya ugali na dagaa mbele yangu, akaketi, hakula.

"Hilo gari la mradi halina vioo?"

"Linavyo, mama."

"Au dereva wake ndiye hana shingo?"

Nikaanza kuelewa.

"Mzee Bwanausi kapiga simu," mama akasema. "Mtu aliyekaa kwenye akika yako, akakuombea dua ungali kichanga. Unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Ashura, mtoto wako anaumwa macho?' Kaniuliza kwa huruma, Najim! Mimi nijibu nini?"

"Mama, kwenye tope huwezi kusimama. Ukisimama gari linazama."

"Mimi sikukwambia usimame."

"Sasa nimsalimie vipi bila kusimama? Unamjua Mzee Bwanausi. Salamu yake inamaliza tanki la mafuta."

"Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho, siyo?"

"Ndiyo, kesho."

"Kesho ukimpita tena kama mbuzi, hiyo kazi mimi siitaki. Nitawaambia watu niliota."

"Na nikisimama nikakwama?"

"Kazi hupati."

"Sasa mama..."

"Mimi sijui magari," akasema, akajisogezea sahani. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nilifika kambini, mabomba ya kisima yameshapakiwa nyuma, yafike kijijini ng'ambo kabla ya swala ya Ijumaa. Bi Tatu alikuwa ameketi kiti cha abiria, mlango wazi, anakunywa chai. Macho yangu yakaenda kwenye bampa, kwa mazoea tu.

Ndara zilikuwa kavu.

Nikazitazama tena. Safi, zimesuguliwa, hata punje ya tope hamna. Na suruali yake ilikuwa kavu. Siku zote ndara zimelowa, leo baada ya mvua kubwa namna ile ndiyo ziwe kavu? Nikakumbuka lile jani la mpunga. Na mpunga ulio kando kabisa ya lile tope ni wa mtu mmoja tu.

Nikamtazama Bi Tatu. Akapuliza chai yake.

"Kuna tatizo?" akauliza.

"Hakuna, Bi Tatu. Tunaweza kwenda."

Tulipofika tope linapoanza nikasimamisha gari, nchi kavu, nikazima injini. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikakata fimbo ndefu kichakani. Nilitegemea Bi Tatu aulize naenda wapi. Alimimina chai nyingine kutoka kwenye chupa.

Nikaingia kwa miguu. Tope lilikuwa la baridi, likapanda katikati ya vidole kama lina maswali yake. Nikawa nachoma fimbo kila hatua: hapa ngumu, hapa ngumu, hapa laini juu lakini chini pana kitu. Ni ajabu jinsi njia ilivyo nyingine ukiwa ndani yake. Kutoka kwenye usukani ilikuwa sahani moja ya maji meusi. Kwa miguu ilikuwa na vilima, na mabonde, na mahali pa moto na mahali pa baridi.

"Leo umekuja kama watu!" sauti ikatoka juu.

"Shikamoo, babu!"

Mzee Bwanausi akateremka dunguni. Nikapanda tuta lake, nikampa mikono miwili, na safari hii nikamwachia salamu yote ijimwage. Mama, mjomba, mvua, mchele, na wagonjwa wote wa Zinga kwa majina. Nikamwomba radhi kwa jana. Akacheka, meno yake machache yote yakaonekana.

"Bi Tatu huja hivi hivi asubuhi na mapema," akasema. "Tunasalimiana vizuri, anachomachoma fimbo yake, anaondoka. Akirudi na gari hupita hata hanitazami. Na mimi simtazami. Tumeshamalizana."

Nikageuka kulitazama gari kule juu ya mwinuko. Mkono wenye kikombe ulikuwa umetokeza dirishani.

"Sasa sikiliza," mzee akaendelea. "Leo usipite kulia. Jana usiku kiboko katoka mtoni, kapita kulia kote, kaharibu. Pita kushoto. Siku zote watu hupita kushoto."

Nikaenda kushoto na fimbo. Ikazama. Nikaisukuma, ikazama tena, mpaka mkono ukaingia majini na chini sijapata. Lile shimo. Nikaenda kulia. Nyayo za kiboko zilikuwepo kweli, kubwa kama vifuniko vya sufuria, zimejaa maji. Nikatia mkono kwenye mmoja. Ukaishia kwenye kifundo cha mkono.

Nikachuchumaa pale. Kiboko ana uzito gani? Hata kama ni mdogo, si haba, anakaribia gari. Na hakuvaa matairi mapana. Kapita hapa usiku, mvua inanyesha, na nyayo zake hazikuzama kuliko za ng'ombe. Kwa nini? Nikachoma fimbo pembeni ya unyayo. Ikagonga kitu kigumu, changarawe, labda mawe ya barabara ya zamani. Kiboko alikuwa anaijua njia.

"Umeona? Kushoto!" mzee akaniita.

"Nimekusikia, babu," nikasema. Na kweli nilikuwa nimemsikia.

Nikachomeka vijiti kufuata nyayo, nikarudi garini. Bi Tatu akamwaga masalia ya chai nje, akafunga mkanda. Gia ya pili, kigia kidogo chini. Mguu kwenye mafuta. Nikaingia.

Maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Mabomba nyuma yakalia kama vyombo vya ngoma. Nilifika usawa wa dungu, nikamwona mzee amesimama juu kabisa, kombeo mkononi, analipunga kama bendera.

"Kushoto! Kushoto, we mtoto! Kushotooo!"

Mikono yangu ikaanza kwenda kushoto. Mtu mzima anakuamuru, tena aliyekaa kwenye akika yako, mikono inaanza yenyewe kabla yako. Nilihisi usukani unasogea. Mbele yangu vijiti vyangu vilikuwa kulia, vidogo, vimeachana, kimoja kimeshaanguka. Kushoto maji yametulia kama msikiti.

Nikashika kulia. Mkono mmoja nikautoa nje dirishani, nikampungia mzee, nikapiga honi mara mbili ya heshima, na mguu wa mafuta haukutetemeka. Tairi la mbele likadondoka, likagonga changarawe, likashika. La nyuma likafuata. Mkonga ukatikisika wote, ukapumua kwa juu, ukapanda.

Nchi kavu nikasimama. Nikashuka. Mzee Bwanausi alikuwa anakuja mbio juu ya tuta lake, anahema.

"Umeona sasa?" akasema. "Umeona? Si nilikwambia kulia?"

"Uliniambia, babu."

"Ungenisikiliza tangu juzi usingekwama."

"Kweli kabisa, babu."

Ndani ya gari Bi Tatu alipaliwa, akakohoa muda mrefu mtandio ukiwa mdomoni. Niliporudi kwenye usukani alikuwa ananyoosha mkono kwenye kioo. Akaifungua tasbihi, fundo kwa fundo, akaitia kwenye mkoba wake.

Nikakitazama kioo, kitupu.

"Hiyo tasbihi ni yangu," Bi Tatu akasema. "Gari siyo langu tena. Tafuta chako cha kuning'iniza."

"Kwa nini hukuniambia tu nishuke nitembee?"

"Kwa nini hukuuliza? Umeniuliza mpaka rangi ya boneti."

"Niliziona ndara. Niliona siyo adabu kuuliza miguu ya mtu mzima imetoka wapi."

Akacheka mpaka akafuta machozi na ncha ya mtandio. "Adabu yako itakuja kukuzamisha, Najim," akasema. "Twende, watu wanangoja maji."

Tukashusha mabomba, tukaswali Ijumaa kule kule kijijini, tukala. Nikiwa nanawa mikono simu ikaita. Mama.

"Mzee Bwanausi kapiga simu," akasema, na sauti yake ilikuwa imevaa dera jipya. "Anasema kakufundisha kuendesha gari."

"Ndiyo, mama. Kanifundisha."

"Umemshukuru?"

"Namrudia sasa hivi."

Tuliporudi bondeni jua lilikuwa limeanza kuinama. Kutoka mbali nikamwona mzee ameshateremka dunguni, anajikung'uta mikono kwenye msuli, ananingoja na salamu za alasiri. Nikasimamisha gari nchi kavu, nikazima injini, nikavua viatu.